Mwomba Chumvi Huombea Chunguche: Ruzuku na Vifaa vya Shule katika Ufipa

Wahenga walisema kwamba mwomba chumvi huombea chunguche. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumtetea mwombaji: asidhaniwe kuwa ana tamaa, maana haja yake ni chungu kilicho mekoni kinachongoja. Lakini methali ina upande wa pili usiotajwa sana. Mwenye kuomba chumvi sharti awe na chungu kwanza, na chungu hicho kiwe na kitu ndani. Asiye na chungu hana pa kuitia chumvi, na mwenye chumvi akimwona amekuja mikono mitupu humwuliza: waitakia nini? Katika insha hii nataka kuitazama historia ya ombi moja, nalo ni ombi la mwalimu wa Ufipa atakaye kifaa cha kufundishia, tangu siku za kibao na chaki hadi siku zetu za kompyuta na kishikwambi. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa muda wa karibu miaka 100 vifaa vimebadilika sana, ila swali la mwenye chumvi halijabadilika.

Jambo hili halikunijia maktabani. Lilinijia kwa mkono wa mwalimu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye sasa afundisha katika shule moja ya sekondari ya kata huko uwandani. Aliniletea andiko la mradi la kurasa 14, alilokuwa amelipeleka kwa mfadhili mmoja kuomba kompyuta 10, projekta moja na vyombo vya umeme wa jua. Andiko lilikuwa limekataliwa. Barua ya kukataa ilikuwa na adabu nyingi na sababu moja: shule haikuthibitisha kwamba ina uwezo wa kuuendeleza mradi baada ya fedha kwisha. Mwalimu hakuniomba nimhurumie. Aliniomba nimsahihishie Kiingereza, kwani aliamini kwamba kosa lilikuwa katika sarufi. Nililisoma andiko lile mara mbili, nikaona kuwa sarufi yake haikuwa mbaya. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa na umri mkubwa kuliko wake na kuliko wangu.

Ili kulifahamu yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili. Upande wa magharibi nchi yateremka kwa ghafula hadi Ziwa Tanganyika; upande wa mashariki yateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Juu ya uwanda hewa ni ya baridi, mahindi, maharage na ulezi hustawi, na watu wake wana sifa ya kale ya kutochoka kwa jembe. Mji wa Sumbawanga, ambao jina lake hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, mkoa uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.5 katika sensa ya 2022. Kwa habari yetu jambo kubwa ni umbali. Mpaka barabara ya lami kutoka Tunduma ilipojengwa katika miaka ya 2010, kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kila kitu kilichotoka pwani kilifika kwa taabu, na wakati wa masika pengine hakikufika. Hata umeme wa mji, kwa miaka mingi, ulitegemea majenereta na nguvu iliyonunuliwa Zambia.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba uwanda huu ulikuwa mtupu wa ufundi mpaka wageni walipouletea. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kumshinda mtu, yapata mita 3 kwenda juu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kabla ya kupelekwa kwa mhunzi afue jembe au shoka. Mabaki ya malungu yangali yaonekana leo, na Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ameyachunguza na kuyaandikia kwa kirefu. Nayataja kwa sababu moja tu. Palipokuwa na tanuri palikuwa na vitu vitatu pamoja: chombo chenyewe, fundi aliyekijua na aliyemfundisha mwanawe, na udongo wa karibu wa kukijenga upya kikipasuka. Ufundi huo ulififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoingia, nami siutaji ili kuulilia. Nautaja ili uwe kipimo chetu. Kila kifaa tutakachokutana nacho mbele tutakiuliza habari ya vitu hivyo vitatu.

Shule za kusoma na kuandika ziliingia Ufipa kwa mlango wa ziwani. Katika 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, kilichojengwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kutoka pwani hiyo ya ziwa kazi yao ikapanda taratibu hadi uwandani. Katika 1889 aliwasili Karema kijana mmoja aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa nchi za Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu kwa miaka kadhaa. Alifanya kazi ya ukatekista na uganga huko Karema mpaka uzee wake, akafa mwaka 1956. Habari zake hutolewa zaidi kama habari za utakatifu na uvumilivu, na ni haki. Lakini tukiziangalia kwa jicho la mwenye hesabu, twaona jambo jingine. Waliomtuma wangaliweza kupeleka Karema masanduku ya dawa, na dawa zingalikwisha. Walitumia fedha zao kwa miaka mingi juu ya mtu mmoja, na mtu huyo akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60. Sijui ruzuku nyingine yoyote katika pande zile iliyodumu hivyo.

Sasa neno ruzuku lenyewe. Asili yake ni moja na ile ya riziki, na katika Kiswahili cha zamani anayeruzuku ni Mungu. Yeye humruzuku ndege na mdudu, mwema na mwovu, wala hamwombi yeyote ajaze fomu. Neno hilo lilipoingia katika lugha ya serikali lilibaki na sauti yake njema, lakini maana yake iligeuka. Likawa ni fedha zitolewazo kwa masharti, tena kwa wale tu waliotimiza masharti.

Mgeuko huo katika elimu ya Tanganyika una tarehe zake. Katika 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones, naye James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu akiwa miongoni mwa wajumbe wake, ilizunguka Afrika ya Mashariki ikitazama shule. Mwezi wa Machi 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa siasa ya elimu katika makoloni yake ya Afrika, ikakubali kuzisaidia shule za misheni zitakazofikia kiwango. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Gavana Donald Cameron aliwakutanisha Dar es Salaam wamisionari na maofisa wa elimu. Tunda la mashauri hayo lilikuwa Sheria ya Elimu ya Waafrika ya 1927. Tangu hapo shule iliyotaka ruzuku ilipaswa kufuata mtaala wa serikali, kukubali kukaguliwa, na juu ya yote kuwa na walimu wenye vyeti. Fedha zilihesabiwa hasa kwa kuwatazama walimu hao.

Masharti hayo hayakuwa ya kijinga, nasi tusiyahukumu kwa pupa. Katika shule ambazo Waingereza waliziita za vichakani, watoto walikaa chini ya paa la nyasi wakikariri katekisimu na silabi, mara nyingi bila kitabu, mbele ya katekista ambaye yeye mwenyewe alijua kusoma tu. Serikali ilikuwa na haki ya kusema kwamba fedha za umma zisilipie kitu kisichofundisha. Lakini tazama jinsi masharti yalivyofanya kazi katika nchi kama Ufipa. Shule ya kituo kikubwa, yenye padre Mzungu, mwalimu mwenye cheti, ubao na madawati, ilipata ruzuku, na kwa ruzuku hiyo ikaajiri mwalimu wa pili na kununua ubao wa pili. Shule ya kijijini, isiyokuwa na mwalimu mwenye cheti, haikupata, na kwa kuwa haikupata haikuweza kumlipa mwalimu mwenye cheti. Mwaka uliofuata mkaguzi alipoulizwa, jibu lilikuwa lilelile. Haikuhitajika chuki ya mtu yeyote ili mambo yawe hivyo. Sheria ilitosha.

Wamisionari walilielewa jambo hilo upesi. Katika 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, alikuja Dar es Salaam akawahimiza wamisionari Wakatoliki washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, hata ikiwa kufanya hivyo kungewalazimu kuziacha kazi za kanisa kwa muda ili shule zikamilike. Maana ya shauri lake ilikuwa wazi: atakayechelewa kutimiza masharti atawaachia wengine nafasi. Basi mwombaji akaanza kujifunza sura aliyopenda kuiona mtoaji, akajitahidi kuivaa. Hili si jambo dogo katika historia ya elimu yetu, kwa sababu tangu siku zile ustadi wa kuomba umekuwa kitu mbali na ustadi wa kufundisha, na si lazima vikutane katika mtu mmoja.

Mwaka huohuo wa sheria, 1927, meli ya Liemba ilianza safari zake katika Ziwa Tanganyika. Ilikuwa meli ya Wajerumani, jina lake la kwanza Graf von Götzen, ambayo wenyewe waliizamisha katika vita vya 1914 hadi 1918, na Waingereza wakaiopoa baadaye. Kwa watu wa Ufipa sheria na meli zilikuwa habari mbili za jambo moja. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Mzigo wa kutoka Dar es Salaam ulipanda gari la moshi, ukashuka Kigoma, ukapakiwa melini, ukateremshwa Kasanga au bandari nyingine ya ziwa, kisha ukapandishwa mlimani hadi uwandani. Kibao kilichopasuka njiani hakikuwa na fundi wa kukiunga. Chaki iliyolowa haikuwa chaki tena. Katika safari ya namna hiyo, thamani ya kifaa haikuwa ile bei iliyoandikwa katika hati ya duka. Ilikuwa bei hiyo pamoja na kila bega lililokibeba, na mabega hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa katika hesabu ya ruzuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulianguka, na fedha za elimu Tanganyika zikapunguzwa. Hapo likaonekana jambo ambalo waombaji wengi wa leo hawajalijua: ruzuku ina maradhi yake yenyewe, na huugua kwa sababu zisizomhusu mpokeaji. Bei za mazao zilipoporomoka katika masoko ya mbali, mwalimu wa Ufipa ambaye hakuwahi kukosa siku ya kazi alijikuta shuleni kwake pamepungua. Baada ya vita vya pili vya dunia ukaja Mpango wa Miaka Kumi wa elimu ya Waafrika, ulioanza 1947, shule zikaongezeka, na mamlaka za wenyeji nazo zikachangia. Lakini mlango wa fedha ulibaki na umbo lake, na mkaguzi alibaki amesimama mlangoni.

Uhuru ulileta nia nyingine. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969 shule zilizokuwa zikisaidiwa zilichukuliwa na serikali. Kwa kitendo hicho cha pili mpaka wa zamani kati ya shule yenye ruzuku na shule isiyo na ruzuku ulifutwa katika karatasi, na mwalimu wa kijijini akawa mtumishi wa umma sawa na mwenziwe wa kituo kikubwa. Sina haja ya kusema kwamba kufuta mpaka katika karatasi hakukujaza makabati. Lakini katika miaka hiyo palitokea jambo moja linalostahili kukumbukwa na kila anayezungumza leo habari za teknolojia na elimu, nalo ni redio.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa na vipindi vya redio vilivyosikilizwa katika vikundi nchi nzima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na fedha nyingi zilitoka Sweden, kwa hiyo ilikuwa ruzuku kwelikweli. Ila kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa namna ya kuendesha kikundi, na vitabu vidogo vya Kiswahili vikachapwa ili kila kikundi kiwe nacho mbele ya redio. Kipindi kilipokwisha watu hawakuondoka. Walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio yenyewe ilikuwa kitu kidogo kabisa katika kazi ile. Tukiipima kwa kipimo cha tanuri la Mfipa, kifaa kilikuwapo, mtu aliyefundishwa alikuwapo, na betri ilipokwisha kitabu kilibaki mkononi mwa kikundi.

Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na kufikia 1977 nchi ilikuwa katika harakati kubwa ya kuwaandikisha. Madarasa yalijaa. Kisha uchumi ukadhoofika, na katika miaka ya 1980 shule nyingi zilikuwa na watoto, zikiwa na walimu, lakini hazina vitabu wala chaki ya kutosha. Miaka hiyo yafaa kupitwa haraka, kwani msomaji ama anaikumbuka mwenyewe ama ameisikia kwa wazazi wake. Ila isisahauliwe kwamba walimu wengi wanaoandika maombi leo walisoma katika madarasa ya wakati ule, na hofu yao ya kukosa haikutoka vitabuni.

Mwanzo wa karne hii ruzuku ilirudi kwa jina lake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, uliondoa ada na kuahidi dola 10 za Marekani kwa kila mtoto kwa mwaka, nazo kamati za shule zikapewa kazi ya kusimamia. Ruzuku hii ilihesabu vichwa, wala haikuuliza nani ameandika vizuri. Mara nyingi ilifika pungufu au kwa kuchelewa, na tangu 2016 serikali ilianza kuipeleka moja kwa moja katika akaunti za shule ili isipotelee njiani. Kando yake ilizaliwa mifuko mingine. Mamlaka ya Elimu Tanzania iliundwa kwa sheria ya 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, umepeleka kompyuta katika shule za serikali na kuwafundisha walimu kuzitumia. Mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA katika elimu ya msingi. Na nje ya serikali wamejaa wafadhili wa kila namna, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao huanza kwa kusema: leteni maandiko yenu, tutachagua yaliyo bora.

Hapa ndipo mkaguzi wa 1927 alipobadili mavazi. Andiko la mradi lataka mambo gani? Lataka hesabu zilizokaguliwa, chumba chenye mlango wa chuma, umeme wa kuaminika, mwalimu aliyesomea kompyuta, ushahidi wa miradi iliyopita, na aghalabu Kiingereza safi. Shule iliyo mjini Sumbawanga karibu na barabara ina mengi ya hayo. Shule iliyo bondeni kwa Ziwa Rukwa, au iliyo chini ya mlima kando ya Tanganyika, ina machache. Shule ya kwanza ikipata kompyuta 10, mwaka ujao itaandika kwamba ina ushahidi wa mradi uliopita. Shule ya pili itaandika tena kwamba haina. Mfadhili si mwovu, kama vile mkaguzi hakuwa mwovu. Anaogopa kompyuta zisije zikageuka makazi ya mchwa, na hofu hiyo ina msingi, kwani kila aliyetembelea shule zetu ameona mahali fulani mashine iliyofunikwa kitambaa isiyowashwa tangu siku ya kukabidhiwa.

Nimesema kwamba yapo majaribio ya njia nyingine, nami nataka kuyaweka mawili kando kwa kando. La kwanza lilifanyika Mkoa wa Tanga kati ya 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170. Lilikuwa shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15. Watoto karibu 3,000, ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, wajifunze wenyewe bila mwalimu kwa miezi 15. Watoto walijifunza kweli, na mwezi wa Mei 2019 washindi wawili wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Lakini tuangalie fedha zilikwenda wapi. Mtoto wa Tanga alipata kishikwambi. Zawadi ilikwenda kwa watengenezaji wa programu, nao hawakuwa walimu wa Tanga. Hata hapo, katika jaribio lililokusudiwa kufanyika bila mwalimu, ilibidi vijijini wawepo watu wa kutunza vituo vya umeme wa jua na kuhakikisha vishikwambi vina chaji. Kifaa hakikuweza kuishi peke yake.

La pili lilitokea nchi nzima, Ufipa ikiwemo, wala halikuitwa jaribio. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, na kazi ilipokwisha serikali iliamua kuvigawa kwa walimu. Mwalimu hakuandika andiko. Hakuulizwa uwezo wake wa kuendeleza mradi. Alipewa kwa sababu ni mwalimu, kama mtu anavyopata riziki. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoieleza hapa, kifaa kipya kilifika mikononi mwa mwalimu wa bondeni kwa haki ileile iliyomfikishia wa mjini. Nalihesabu kuwa jambo kubwa, ingawa halikupigiwa ngoma nyingi. Ila upungufu wake waonekana upesi kwa kipimo chetu: chombo kilitolewa, mtu alikuwapo, lakini kioo kikivunjika katika kijiji kisicho na fundi, na kifurushi cha intaneti kikiisha katikati ya mwezi, mwalimu hana wa kumwendea. Mgao umetibu nusu ya ugonjwa ambao shindano hulitonesha donda lake, na nusu nyingine umeiacha.

Basi nasema hivi. Historia ya Ufipa haitufundishi kwamba ruzuku ni mbaya. Bila ruzuku shule nyingi zisingalikuwapo. Yatufundisha kwamba kila ruzuku iliyodumu ilimlipia mtu na matengenezo pamoja na kifaa, na kwamba kila ruzuku iliyotolewa kwa mashindano ilimwongezea mwenye nacho. Anayetaka kusaidia na asianze kwa kuuliza shule ina nini. Aulize shule imekosa nini, kisha sehemu ya fedha aiweke tangu mwanzo kwa mwaka wa pili na wa tatu: kwa fundi, kwa umeme, kwa kumfundisha mwalimu. Uwezo wa kuuendeleza mradi, ambao wafadhili huudai kwa mwombaji kama hati ya kuingilia, ndio hasa kitu ambacho ruzuku yapasa kukinunua. Na ombi lipokelewe kwa Kiswahili. Mwalimu afundishaye kwa ustadi asihukumiwe kwa lugha ambayo hata watahini wake wa zamani hawakumwomba awe mtunzi nayo.

Lipo neno jingine, nalo lawahusu wenzangu wa vyuoni. Majalada ya zamani yamehifadhi barua za walioomba na kupata, na pengine za walioomba na kukataliwa. Wale ambao hawakuomba kabisa, kwa kuwa walijua hawana chungu, hawamo. Makatekista waliofundisha silabi chini ya paa la nyasi wamo katika hesabu za jumla tu, bila majina. Sisi tuandikao historia ya elimu kwa kusoma majalada ya ruzuku twaandika historia ya wenye chungu, kisha twaiita historia ya nchi. Mwanafunzi atafutaye mada ya utafiti na apande uwandani, aketi na walimu wastaafu, awaulize walifundishia nini siku ambazo hapakuwa na kitu.

Ama yule mwalimu wangu, sikumsahihishia Kiingereza. Tuliketi mchana mzima tukaandika upya sehemu ya mwisho ya andiko lake. Idadi ya kompyuta tuliishusha kutoka 10 hadi 4. Kwa fedha iliyobaki tuliomba posho ya fundi kutoka Sumbawanga kuja shuleni mara moja kila muhula kwa miaka mitatu, betri za akiba, na mafunzo kwa walimu wawili, ili mmoja akihamishwa asiondoke na ujuzi wote. Aliuliza kama ombi dogo namna hiyo halitaonekana kuwa la mtu asiye na matumaini. Nikamwambia kwamba watu wa kwao walikuwa wakijenga tanuri karibu na udongo. Alicheka, akaikunja karatasi akaitia mkobani, akaenda zake kituo cha basi. Jibu la mfadhili bado halijaja.